Jiko la kuni la jiwe la sabuni kwa nyumba ya Kabale: niagize, nichongeshe Kisii, au niachane nalo?

#1 MwanaBunyonyi
Habari wadau. Namjengea mama nyumba upande wa Kabale, mlimani juu ya ziwa. Vyumba vitatu na sebule, tofali za kuchoma, mabati, dari bado. Umri umesonga na baridi ya Juni na Julai inamwelemea. Usiku anaingiza sigiri ya makaa chumbani, anafunga dirisha, analala. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi huku Kampala.

Nataka jiko la kuni lenye dohani, la kupasha nyumba joto. Mapishi yana jiko lake. Nimesoma kwamba Wafini, na Wamarekani wa Vermont na New Hampshire, wanayasifu sana majiko ya jiwe la sabuni: unakoka moto jioni, jiwe linashika joto na kulitoa polepole hadi alfajiri. Jiwe la namna hiyo, lile laini la kuchongea sanamu, lipo jirani, Tabaka kule Kisii, Kenya. Je, jiwe linashinda chuma kweli, au ni urembo wa sebuleni? Na ni bora kuagiza jiko zima, au fundi achomelee sanduku la chuma kisha tulivike mawe ya Kisii?

#2 AruaMoja
Nyie wa Kabale mnatafuta joto, sisi huku tunatafuta kivuli. Njooni tubadilishane nyumba mwezi wa pili. Mama mpe salamu na pole ya baridi.

#3 MuuguziMbale
Kabla ya jiwe na chuma: mpigie mama simu leo, sigiri itoke chumbani. Usisubiri nyumba iishe.

Makaa yaliyokolea hayana moshi, ndiyo maana watu wanayaamini. Lakini yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inajishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani ni malaria au uchovu, analala. Aliyelala haamki kusema anaumwa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Akitaka joto usiku wa leo, ajaze maji ya moto kwenye chupa ngumu ya mpira, aifunge kitambaa, aiweke miguuni. Sigiri ibaki nje.

#4 BaridiKaskazini
Mimi Mganda niko Joensuu, mashariki mwa Ufini. Machimbo ya Juuka, wanakotoa jiwe Tulikivi, yako jimbo hilihili, kwa hiyo haya majiko nayaona kila nyumba ninayoingia.

Mtoa mada, umechanganya vitu viwili. Kuna jiko la kuni lililotengenezwa kwa jiwe la sabuni, kama yale ya Hearthstone na Woodstock Soapstone ya Marekani: fremu ya chuma, mabamba ya jiwe pembeni na juu, uzito mia mbili na kitu hadi mia tatu za kilo. Hilo unalilisha kuni muda wote kama jiko lolote. Halafu kuna tanuri la kutunza joto, la huku kwetu. Lina tani moja, mbili, hata tatu. Ndani moto unapanda juu, halafu moshi unageuka na kushuka kwenye njia za pembeni, unalipasha joto jiwe lote, ndipo unatokea chini nyuma na kuingia kwenye dohani. Unachoma kwa muda mfupi kwa moto mkali, mara moja au mbili kwa siku, moto unazimika, na tanuri linaendelea kutoa joto usiku kucha. Sifa za "hadi alfajiri" ni za hili la pili. Wauzaji wanazihamishia kwa la kwanza.

#5 MhandisiNtinda
Naunga mkono #4 na naongeza hesabu, maana hapa watu hununua kwa maneno.

Kilo moja ya jiwe la sabuni hubeba takriban kilojuli 0.98 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kilo moja ya chuma hubeba 0.46. Kwa uzito, jiwe hubeba mara mbili. Ila lita moja ya chuma ina zaidi ya kilo 7, na lita moja ya jiwe ina kama kilo 3. Ukilinganisha bamba la unene uleule, chuma hakiko nyuma hata kidogo. Jiwe linashinda kwa sababu hakuna anayetengeneza jiko la chuma lenye kuta nene kiasi hicho.

Sasa chukua jiko la kwanza la #4. Kilo 200 za jiwe zikipoa kutoka nyuzi 100 hadi 20 hutoa uniti 4 na kidogo, hizi uniti za umeme (kilowati-saa) tunazonunua kwa Yaka, mita ya kulipia kabla. Kilo moja ya kuni kavu ina karibu uniti 4 vilevile. Yaani akiba yote ya lile jiko la fahari ni kama kipande kimoja kizuri cha kuni. Nyumba ikipoteza kilowati 2, akiba hiyo imekwisha kwa saa mbili. Tanuri la kilo 1,500 linatunza uniti 32 na zaidi. Hapo ndipo unafika alfajiri.

Kwa hiyo uzito ndio unaoamua. Aina ya jiwe ni ya pili.

#6 FundiKatuna
Mhandisi heshima yako, lakini Kabale si Ufini. Usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 10, mchana jua likitoka unavua koti. Baridi yetu ni ya saa chache: jioni kuanzia saa moja, na asubuhi ukungu ukiwa umekaa bondeni. Tanuri la tani moja na nusu linachukua saa kadhaa kabla hujahisi kitu. Mama anarudi kutoka shambani amelowa na mvua, anataka joto sasa hivi. Chuma kinampa joto ndani ya robo saa.

Mimi nachomelea majiko ya bamba la milimita 5 au 6, nyuma natia tofali ndani ili chuma kisiungue, mlango wenye mkanda wa kuziba. Lodge kadhaa za upande huu wanayo. Wanachoma kuni jioni, wageni wanalala chini ya blanketi mbili, basi.

#7 MuhaburaJuu
Kisoro tunakaa juu ya mawe ya volkano. Shamba lolote ukilima unatoa lundo. Jiwe jeusi lile limezaliwa na moto, litaogopa moto? Kwa nini kupeleka pesa Kisii au Ufini na jiwe la Muhabura liko mlangoni bure? Jengea tanuri lako kwa hilo, umemaliza.

#8 JiweTabaka
Jirani kutoka Kisii hapa, nachonga tangu utotoni. Nijibu #1 na #7 pamoja.

Jiwe la Tabaka ni laini, tunalikata kwa msumeno wa mkono na kulisawazisha kwa panga na tupa, kisha msasa na maji. Lakini si jiwe moja. Kuna jeupe, la waridi, la kijivu, jekundu, na kila shimo lina tabia yake. Linalofaa sanamu halimaanishi linafaa moto. Bamba kubwa lisilo na mshipa ni kazi kulipata, mengi yana ufa mwembamba ambao macho hayaoni jiwe likiwa kavu. Dawa yake: limwagie maji, ngoja kidogo. Uso ukianza kukauka, ufa unabaki mstari wa giza. Hilo bamba liache, hata kama rangi imekupendeza. La pili, ligonge kwa nyundo ndogo. Zima linalia, lenye ufa linatoa sauti iliyokufa.

Jiwe likitoka shimoni lina unyevunyevu. Usiliweke motoni likiwa hivyo. Na #7, mawe ya volkano yenye vitundu hunywa maji. Maji yakigeuka mvuke ndani ya jiwe yanatafuta njia ya kutokea, na njia ni kulipasua. Mawe yaliyookotwa mtoni ndiyo mabaya kabisa.

#9 MamaSipi
Nimesoma yote na naona mnampasha joto Mungu wa mawingu. Mtoa mada amesema mabati na "dari bado". Hilo neno moja limepita bila mtu kuligusa!

Sisi Kapchorwa tuna baridi kama yenu. Nyumba ya mabati bila dari, joto linapanda na kutoka papo hapo, na alfajiri mabati yanatoa jasho linakudondokea kitandani. Weka dari, ziba ule uwazi kati ya ukuta na paa, weka milango inayofunga. Ukimaliza hapo utaona jiko dogo la bei ndogo linatosha. Bila hapo hata tani tatu za Ufini hazitakusaidia, mwanangu.

#10 MwanaBunyonyi
Asanteni sana, na Mama Sipi nimekusikia. @MuuguziMbale sigiri imetoka, dada yangu analala naye wiki hii kuhakikisha.

Dari nitaweka kabla ya jiko. Ila bado nauliza: #6 anasema joto la haraka, #5 anasema uzito. Mama anashinda nyumbani mchana mwingi wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na nyumba haikauki. Hapo nani yuko sahihi?

#11 KuniKavuTooro
Hapo swali limekaa vizuri. Kwa nyumba yenye mtu ndani kutwa na unyevunyevu usioisha, mimi niko na #5: ukuta ukishapata joto haurudi baridi kila jioni. Kwa nyumba ya wikendi, niko na fundi wa Katuna.

Lakini wote mmeruka kuni. Kalitunsi (mkaratusi) mbichi iliyokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Sehemu ya moto wako inaishia kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni. Moshi unakuwa wa baridi na mzito, unaganda kwenye bomba kama lami nyeusi, na siku moja hiyo lami inashika moto. Kuni za jiko zinatakiwa ziwe na maji chini ya asilimia 20. Pasua ikiwa mbichi, maana ikikauka kalitunsi inakuwa ngumu ya kuvunja shoka. Panga chini ya paa pembeni zikiwa wazi, Juni hadi Agosti upepo ukaushe. Chukua kipande kimoja, kitie alama, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, rundo liko tayari. Kwa magogo manene kalitunsi hukaa karibu mwaka.

Jambo jingine: Kabale iko mita 2,000 hivi juu ya bahari. Hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hiyo dohani inavuta kwa unyonge. Vipimo vya dohani kwenye kitabu cha jiko la kuagiza vimeandikwa kwa watu wa chini. Ongeza urefu.

#12 FundiKatuna
#11 hapo kwenye dohani tuko pamoja. Wengi hapa wanatoboa ukuta, wanatoa bomba nje kwa kiwiko, linaishia chini ya ukingo wa mabati. Upepo wa bonde ukigeuka moshi wote unarudi ndani. Bomba lipande moja kwa moja juu. Kanuni ya Wamarekani: futi 3 juu ya pale linapotokea kwenye paa, na futi 2 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya futi 10. Juu kofia ya mvua.

Na Mama Sipi, dari ndiyo hatari mpya. Bomba la ukuta mmoja likipita kwenye dari ya mbao bila nafasi, umejenga kiberiti. Kanuni ileile inataka inchi 18 kutoka bomba hadi mbao, na inchi 36 kutoka jiko lisilo na vipimo vya kiwandani. Kwenye dari pitisha bomba lenye kuta mbili na kitu cha kuzuia joto katikati.

#13 MuuguziMbale
@BaridiKaskazini niambie ukweli: hayo matanuri yenu hayaui watu? Maana nimesoma yana kibamba cha kufunga bomba moto ukizimika.

#14 BaridiKaskazini
Umeuliza jambo zito. Yanaua, ndiyo. Moto ukiisha mtu anafunga kibamba ili joto lisipotee kwenye dohani. Akifunga wakati chini bado kuna makaa mekundu, ile hewa aliyoisema #3 inarudi ndani ya nyumba, ileile ya sigiri. Wazee wa huku wanaangalia vilimi vya bluu juu ya makaa. Vikiwepo, hakuna anayegusa kibamba. Vikiisha wanachokonoa tena, wanangoja, ndipo wanafunga. Siku hizi vibamba vingi vina tundu lisiloziba kabisa, na watu wanashauriwa kuweka kengele inayolia ikihisi hiyo hewa.

Kwa hiyo kama mama atakaa peke yake na anapenda kufungafunga, usiweke kibamba kinachoziba. Heri joto kidogo lipotee. Na kengele nunua, iwe jiwe, iwe chuma.

#15 AruaMoja
Hapa nilikuja kutania, sasa nimekaa nasoma. Lakini wadau, kuni hizo zote zitatoka wapi? Mei 2023 rais alipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini kwa sababu miti inaisha. Mkianza matanuri Kabale mzima, milima yenu itabaki na nini? Mvua moja tu inateremsha shamba hadi ziwani.

#16 KuniKavuTooro
#15 una haki ya kuuliza. Ila makaa nayo yanakula miti mingi. Kwenye tanuri la makaa la kienyeji nguvu nyingi ya mti inapotea porini kabla gunia halijafungwa. Kuni kavu kwenye jiko lenye dohani nzuri inakupa joto zaidi kwa mti uleule. Mtoa mada apande kalitunsi kwenye kipande kisicholimika, mbali na chemchemi maana inakunywa, anakata na shina linachipua tena.

#17 MhandisiNtinda
Nirudi kwenye jiwe, uzi usipotee.

Mtoa mada, tofali. Kilo 1,500 za tofali zikipoa nyuzi 80 zinatoa uniti 28 hivi. Jiwe la sabuni lilitoa 32. Tofauti ni ndogo kiasi hicho! Faida ya kweli ya jiwe la sabuni ni kwamba linapitisha joto mara tatu nne kuliko tofali, kwa hiyo linalimeza haraka wakati wa moto mfupi na halipasuki kirahisi kwa mshtuko. Hiyo ni muhimu pale ndani moto unapogusa. Nje, tofali za kuchoma za Kabale zinafanya kazi. Kwa hiyo ndani tumia tofali za moto (zile maalumu zinazostahimili moto mkali) au mabamba mazuri ya Tabaka, nje tofali za kawaida, na kati ya tabaka hizo mbili acha nafasi ndogo ili ya ndani ikitanuka isiipasue ya nje.

Na tusisahau vya kwetu. Vermikulaiti inachimbwa Namekara, huku mashariki, na ni kizuia joto kizuri cha kuzunguka bomba au kuweka chini ya jiko. Kaolini ipo Mutaka, magharibi, na ndiyo udongo wa kutengenezea tofali za moto.

#18 MuhaburaJuu
#8 na #17 mmeniacha nje, lakini babu zetu walipika kwa mafiga ya jiwe la volkano maisha yao yote na hayakupasuka. Jiwe zito lisilo na vitundu, lililokaa chini ya paa la jikoni mwaka mzima, haliwezi kufanana na la mtoni. Siweki ndani ya moto, naweka nje badala ya tofali. Hapo mna pingamizi gani?

#19 JiweTabaka
Nje sina pingamizi. Zito na kavu, sawa.

#20 MamaSipi
Na udongo wa kichuguu? Majiko mengi ya kuokoa kuni vijijini tumejenga kwa kichuguu, majani makavu yaliyokatwakatwa na mchanga, na yanadumu ukiyasiliba mara kwa mara. Mtu asiye na pesa ya Ufini wala ya lori la Kisii afanyeje? Mnaongea kama kila mtu ana fundi wa kuchomelea.

#21 FundiKatuna
Mama, kichuguu nakikubali kama chokaa ya kuungia tofali, saruji moto unaivunja. Ila ukuta mzima wa kichuguu ukinyeshewa kwenye tundu la bomba unarudi kuwa tope. Ufunike pale juu vizuri.

Bado nasimamia chuma kwa sebule. Mtoa mada, kama roho yako iko kwenye jiwe, fanya hivi: sanduku la chuma, ndani tofali, nje simamisha mabamba ya Tabaka ya inchi 2 kwenye fremu ya angle (chuma cha pembe), juu na chini pawe wazi hewa ipite. Joto la haraka linatokea juu, jiwe linabaki vuguvugu baadaye. Mtoto akigusa haungui vibaya kama kwenye chuma kitupu.

#22 MhandisiNtinda
Mabamba yasipogusana na sanduku hayatashika joto la maana, fundi. Umetengeneza pazia la kilo mia.

#23 FundiKatuna
Yakigusana yatapasuka, maana chuma na jiwe havitanuki sawasawa. Chagua.

#24 BaridiKaskazini
Viwandani wanaunganisha jiwe kwa jiwe, na jiwe kwa chuma wanaweka mkanda unaostahimili moto ili kila kimoja kitembee chenyewe. Inawezekana ila ni kazi ya subira. Na chochote utakachojenga, mwanzoni koka moto mdogo sana, acha kipoe, kesho ongeza kidogo. Unyevunyevu utoke taratibu. Mabamba mengi yanapasuka moto wa kwanza, watu wanalaumu jiwe.

#25 MwanaBunyonyi
Asanteni nyote, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Dari na kuziba uwazi kwanza, halafu kengele. Dohani ya kwenda juu, bila kibamba cha kuziba. Kati ya tanuri la tofali la #17 na sanduku la #21 bado sijaamua. Mama akiulizwa anataka "lile ambalo nitaona moto". @JiweTabaka, mabamba ya inchi 2 yakitoka shimoni yakae muda gani kabla ya kusafirishwa? Na #17, sakafu yangu ni zege ya inchi 3 juu ya kifusi. Itabeba tani moja na nusu?

#26 JiweTabaka
Usiyasafirishe mabichi. Yasimamishwe kivulini yakiwa na nafasi katikati, juani yanachanika. Ya inchi 2 mimi nayaacha miezi kadhaa, na nayapima kwa mizani kama #11 anavyopima kuni. Njoo uchague mwenyewe, beba nyundo.

#27 MhandisiNtinda
Inchi 3 juu ya kifusi usiiamini. Kata sakafu pale jiko litakapokaa, chimba hadi udongo mgumu, weka msingi wake peke yake na nondo. Tuma vipimo vya sebule na picha ya ukuta wa nyuma.

#28 FundiKatuna
Sanduku langu halihitaji msingi. Tuma hivyo vipimo hapahapa tuvione wote.